Kaskazini ya Mbali: Uende na Kundi au Uende Mwenyewe?

MSAFIRI WA KUNDI: Bila kundi nisingeiona Svalbard, visiwa vya Norwei huko Aktiki. Hilo nalisema mwanzo kabisa ili tusizungushane. Umri umeshakwenda, magoti hayanitii, bunduki sijawahi kuishika maishani. Nililipa, nikapanda meli ndogo pale mjini Longyearbyen, na watu wanaoijua kazi yao wakanipeleka mpaka mbele ya mto wa barafu, nikausikia ukipasuka. Nikawaona walrasi wamelala wamebanana ufukweni, wanakoroma, wananuka, huyu pembe zake kaziegemeza mgongoni mwa yule. Leo nasikia vijana wanatucheka kwa kuwa tulitembea kwa mstari. Nataka mmoja wao anieleze mtu kama mimi angefikaje huko kwa njia nyingine.

MSAFIRI HURU: Shikamoo mama. Mimi sikucheki, na kufika ulistahili. Ninachouliza ni kile ulichokutana nacho ulipofika. Uliteremshwa kwenye boti ya mpira, ukaambiwa simama hapa, tazama kule, muda umekwisha, rudi. Kila uamuzi ulifanywa na mtu mwingine. Mimi nimetembea nyanda za Finnmark, kaskazini kabisa ya Norwei, na hema mgongoni. Sheria yao ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kupita na kulala kwenye ardhi isiyolimwa, mwenyeji na mgeni sawasawa. Ukungu ulipoteremka nilikaa chini nikafikiri. Niliogopa, nikachagua. Nchi ile niliijua kwa sababu ilinidai kitu.

MSAFIRI WA KUNDI: Marahaba mwanangu. Lakini hofu siyo tiketi. Mtu anaweza kuogopa vizuri tu na bado asijifunze lolote.

MWONGOZA WATALII: Finnmark unayoisema haina dubu weupe. Svalbard wapo, na hapo ndipo maneno ya uhuru yanapoanza kugharimu. Ukitoka nje ya mji unatakiwa uwe na kitu cha kumtishia dubu, na Gavana anashauri uwe pia na bunduki. Mgeni akitaka kwenda kwa safari yake mwenyewe nje ya eneo la kati linaloizunguka Longyearbyen, hana budi kumwarifu Gavana na kuonyesha bima au dhamana ya gharama za kumtafuta na kumwokoa. Hayo hayakuwekwa kwa kuwaonea watu. Mwezi wa Agosti 2020 dubu alimwua mtu kwenye uwanja wa mahema wa Longyearbyen, karibu na uwanja wa ndege. Mahali penyewe si porini. Ndege zinatua pale.

MSAFIRI HURU: Na Agosti 2011? Kijana wa miaka 17 kutoka Uingereza aliuawa na dubu kambini, wengine 4 wakajeruhiwa. Wale walikuwa kundi, tena kundi lenye viongozi.

MWONGOZA WATALII: Walikuwa kundi. Waya wa tahadhari waliouzungusha kambini haukulipuka dubu alipoingia. Siwezi kukuambia kwamba kundi ni ngao.

MSAFIRI HURU: Basi unauza nini?

MWONGOZA WATALII: Macho. Kabla mama huyu hajakanyaga ufukwe wowote, sisi tulishakuwa pale. Boti ya kwanza inabeba waongozaji peke yao, na silaha zao. Tunatazama ufukwe kwa darubini tukiwa bado majini, kisha tunapanda vilima vidogo, kila mmoja anashika upande wake, tunachungulia nyuma ya miamba na kwenye mabonde ambayo mtu wa chini hayaoni. Wageni huteremshwa baada ya hapo, na wanakaa ndani ya duara letu. Ukungu ukiingia hakuna kuteremka, hata kama tumesafiri usiku kucha kufika, maana katika ukungu dubu atakuona kwanza yeye. Wewe uliye peke yako na hema lako utalala saa ngapi, na nani atakesha?

MSAFIRI HURU: Nitajibu kwa tarehe. Julai 28, 2018, kisiwa cha Phippsøya, kaskazini kabisa mwa Svalbard. Walinzi walitangulia ufukweni kufanya hayohayo unayoyasema, ili wageni wa meli wapate kuteremka. Dubu ambaye hawakumwona akamvamia mmoja wao na kumjeruhi kichwani, na wenzake wakampiga dubu risasi akafa. Dubu huyo alikuwa kwao. Aliuawa kwa sababu meli nzima ya watu ilitaka kutembea ufukweni. Mimi nikienda peke yangu nahatarisha roho yangu. Wewe ukienda na kundi, hatari unampelekea pia mwenye nyumba.

MWONGOZA WATALII: Hata wewe dubu akikuvamia utampiga risasi. Au umeamua kufa?

MSAFIRI HURU: Nitampiga kama sina njia nyingine. Lakini mimi ni mmoja, na kwa wiki moja nitakuwa nimepita sehemu moja. Meli yako inateremsha watu mara mbili kwa siku, majira yote ya kiangazi, na nyuma yake inakuja nyingine. Ndiyo maana Norwei ilikaza kamba. Tangu Januari 1, 2025, meli yenye abiria zaidi ya 200 hairuhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Svalbard. Humo wageni wa meli wanateremshwa kwenye sehemu 43 tu zilizotajwa. Na kila mtu anatakiwa akae mita 300 mbali na dubu, mita 500 kuanzia Machi 1 hadi Juni 30. Sheria hizo ziliandikwa kwa ajili ya biashara ya makundi.

MSAFIRI WA KUNDI: Nazo ni sheria njema. Sisi dubu tulimwona mbali sana, kitu cha rangi ya maziwa yaliyochacha kinatembea juu ya barafu, na bila darubini usingejua kama ni mnyama au jiwe. Mimi nilitosheka. Nilimtazama akienda mpaka akapotea. Ila ni kweli kuna abiria walioguna. Walisema hela waliyotoa si ya kutazamia nukta. Mmoja akamwuliza kiongozi kwa nini nahodha asisogee kidogo.

MWONGOZA WATALII: Hilo "kidogo" tunaombwa kila safari.

MUOKOAJI WA KUJITOLEA: Na sisi ndio tunaoitwa baada ya hilo "kidogo". Mimi niko Iceland. Kule uokoaji porini ni kazi ya watu wa kujitolea. Fundi bomba, mwalimu, mkulima, simu ikilia anaacha alichonacho. Sehemu kubwa ya fedha za vikosi vyetu tunaipata kwa kuuza fataki za mwaka mpya. Januari 2020, watu 39, wakiwemo watoto, walipelekwa kuendesha pikipiki za theluji karibu na mto wa barafu wa Langjökull wakati onyo la dhoruba limeshatolewa. Sikiliza vizuri: limeshatolewa. Walikuwa na waongozaji. Walikuwa na kampuni, mavazi, helmeti, kila kitu. Dhoruba ikawakuta huko, ikawa ni usiku kucha vikosi vinapambana na upepo kuwatoa. Mtalii wa kawaida hajui kusoma ramani ya hali ya hewa ya Iceland, na ndiyo sababu analipa mtu aisome. Aliyelipwa akaisoma, akaondoka nao.

MSAFIRI HURU: Ndicho ninachokisema tangu mwanzo. Mtu akiwa na mwongozaji anaizima akili yake.

MUOKOAJI WA KUJITOLEA: Subiri, sijamaliza, na sikuja kukusaidia wewe. Agosti 25, 2024, pale kwenye mto wa barafu wa Breiðamerkurjökull, barafu iliporomoka juu ya wageni waliopelekwa kutazama pango la barafu. Mapango yale huingiwa wakati wa baridi, barafu ikiwa imekaza. Huo ulikuwa mwezi wa Agosti, maji yanatiririka ndani yake. Mtu mmoja akafa, mwingine akajeruhiwa. Halafu waokoaji wakachimba mpaka kesho yake, sehemu kubwa kwa mikono na vifaa vidogo, kwa sababu hesabu iliyotolewa ilisema watu 25 na walioonekana ni 23. Walikuwa wakiwatafuta watu wawili ambao hawakuwepo. Fikiria unavyopiga sululu chini ya ukuta wa barafu unaoweza kuanguka tena, kwa ajili ya kosa la orodha.

MWONGOZA WATALII: Kampuni mbovu zipo. Kila kazi ina wabovu wake.

MUOKOAJI WA KUJITOLEA: Usilitupe jambo hili kwa "wabovu". Nani alianza kuuza pango la barafu kiangazi? Aliona wageni wengi zaidi wanakuja kiangazi na wanataka kile walichokiona pichani. Na wewe bwana wa hema: kundi likipotea, angalau nina orodha, hata ikiwa na makosa. Wewe ukipotea sina hata pa kuanzia. Tuna mahali pa kuacha mpango wa safari yako ili tujue pa kukutafuta, bure kabisa, na wangapi wenu wanaacha? Tunawakuta wamekodi gari, wameliingiza mtoni kwenye barabara za nyanda za juu, wamekaa juu ya paa maji yanapanda. Hao hawakuwa na mwongozaji wa kumlaumu.

MSAFIRI HURU: Hilo silipingi. Lakini kati ya mtu aliyekosea kwa kutojua na mtu aliyeuza kosa lake kwa watu 39, mimi naona tofauti kubwa.

MUOKOAJI WA KUJITOLEA: Baridi ya mto ni ileile kwa wote.

MSAFIRI WA KUNDI: Mnazungumza kana kwamba mwongozaji ni wa kuzuia kifo tu. Mimi nieleze faida nyingine. Tromsø, huko Norwei, nilikwenda kutafuta mianga ya kaskazini. Tulikuwa kwenye basi dogo, na kijana aliyetuongoza alikuwa anafuatilia mawingu kwenye simu yake. Pwani ilikuwa imefunikwa, akasema tuingie bara kuelekea mpaka wa Finland, ambako mara nyingi anga ni kavu zaidi. Tukashuka kwenye giza. Juu palikuwa na kitu kama wingu jembamba la kijivu, limejinyoosha kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine. Nilidhani ni wingu kweli. Yule kijana akatuambia tulipige picha, na picha ikatoka ya kijani. Wenzangu wengine walivunjika moyo, wakaona wamedanganywa na matangazo. Akatueleza kwamba gizani jicho hutumia chembe zinazonasa mwanga hafifu lakini hazitambui rangi, na kamera hukaa wazi sekunde kadhaa ikikusanya mwanga. Tungoje, mianga ikiongezeka nguvu tutaiona rangi kwa macho. Tukangoja. Ikaongezeka. Ikawa kijani, na pembeni ikapita nyekundu hafifu, na inatembea, jamani, inatembea kama kitu chenye nia. Ningekuwa peke yangu ningesema ni wingu nikarudi kulala.

MSAFIRI HURU: Ungesoma kitabu kabla ya kwenda, mama.

MSAFIRI WA KUNDI: Kitabu kisingeniambia ningoje dakika ngapi usiku ule.

MSAFIRI HURU: Haya, huyo kijana namheshimu. Lakini niulize kuhusu ahadi. Kuna wanaotangaza kwamba usipoiona mianga unarudishwa kesho bila malipo. Mianga inaletwa na chembe zinazotoka juani. Hakuna mtu Tromsø mwenye mamlaka juu yake. Ukishaahidi usichokimiliki, utaendesha mpaka alfajiri kwenye barabara yenye barafu ili usirudishe pesa. Na mabasi yote yanasimama palepale penye upenyo wa anga, taa zinawaka, watu wanavuka barabara gizani bila kutazama, na mwenye nyumba jirani anashindwa kutoka getini.

MWONGOZA WATALII: Hapo umenigusa mahali penyewe, kwa hiyo nitasema bila kujitetea. Wengi wetu tunaajiriwa kwa msimu. Msimu ukiisha, kampuni inatazama wageni walikuandikia nini. Nikigeuza basi au nikifuta safari ya kushuka ufukweni, hakuna anayejua nimeepusha nini, kwa sababu kilichoepushwa hakionekani. Wanachokiona ni kwamba hawakushuka. Wakati wa chakula cha jioni meza zinakuwa kimya, na mimi napita katikati yake. Nikiwapeleka na kukawa salama kwa bahati tu, naandikiwa kwamba mimi ni hodari. Mafunzo tunapata. Pale Svalbard kuna kozi ya mwaka mzima ya uongozaji wa Aktiki, unajifunza barafu, maporomoko ya theluji, silaha, huduma ya kwanza. Hakuna somo linalomfundisha mgeni kushukuru kwa kurudishwa nyuma.

MSAFIRI WA KUNDI: Basi waambieni wageni hivyo kabla hawajalipa!

MWONGOZA WATALII: Anayeandika tangazo si mimi.

MSAFIRI HURU: Ndiyo sababu nasema mtu akakutane na nchi mwenyewe, bila tangazo katikati.

MWONGOZA WATALII: Kijana, Tanzania huruhusiwi kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji aliyesajiliwa, na sijasikia ukilalamika.

MSAFIRI HURU: Kwa sababu wengi wa wanaowapandisha watu mlima ule wamezaliwa chini yake. Baba zao walikuwa wapagazi, wanaujua mlima kwa miguu ya vizazi. Svalbard haina wenyeji wa asili. Wewe umefika pale kama mimi nilivyofika, tofauti ni kwamba umekaa misimu kadhaa.

MFUGAJI MSAAMI: Kwetu, huko Finnmark ulikotembea, wenyeji wapo: sisi Wasaami. Nimewasikiliza wote, na mnajadili kama watu wanaogombea njia ya kuingia kwenye nyumba tupu. Mimi nafuga kulungu wa Aktiki, kama wazazi wangu. Mwishoni mwa baridi majike yana mimba na mafuta ya mwilini yamekaribia kwisha. Ikija sleji ya mbwa na wageni wake, kundi linashtuka na kukimbia, na kila hatua ya mbio linatumia nguvu ambayo mama alimwekea mtoto tumboni. Mgeni anapiga picha ya kulungu wanaokimbia, anaona ni uzuri. Na hao mbwa wa kuvuta sleji si desturi yetu. Wameletwa kwa biashara, wakapakwa rangi ya utamaduni wetu. Finland tumeona watu wasio Wasaami wamevishwa mavazi yanayoiga yetu, wamesimama kupokea watalii. Mwaka 2018 Bunge la Wasaami la Finland lilipitisha miongozo ya maadili kwa utalii unaotuhusu, kwa sababu jambo lilikuwa limevuka mpaka.

MSAFIRI WA KUNDI: Hilo linaniuma kulisikia, baba. Sisi tuna msemo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilidhani ujio wetu unawaponya. Hoteli, maduka, ajira.

MFUGAJI MSAAMI: Wako waliopona. Kuna jamaa zangu wanaopokea wageni wachache nyumbani, wanawapikia, wanawaeleza kazi ya mifugo, na fedha zinabaki kijijini. Sikatai wageni. Lakini mwenyeji anayeponywa na mgeni ni yule aliyeulizwa kama yuko tayari kumpokea.

MSAFIRI HURU: Mimi situmii mbwa. Natembea polepole na sitoi sauti.

MFUGAJI MSAAMI: Mtu mmoja wa kimya naye humtisha jike mwenye ndama. Mwezi wa Mei ndio wa kuzaa. Wewe unakuja na haki yako ya mwaka 1957, unasimika hema palepale wanapozalia, na mimi sina namba yako ya simu. Kundi lina mwongozaji ninayeweza kumpigia nikamwambia leo pita upande wa pili wa ziwa. Hilo ndilo jambo moja ninalowasifia.

MWONGOZA WATALII: Asante.

MFUGAJI MSAAMI: Usinishukuru upesi. Mara nyingi nikipiga, anayepokea ameajiriwa wiki mbili zilizopita, ametoka mbali, anazijua nyota zote na hajui ziwa ninalolitaja.

MUOKOAJI WA KUJITOLEA: Na Greenland mambo ni hayohayo, ila umbali umeongezeka. Septemba 2023 meli ya watalii ilikwama Alpefjord, ndani ya hifadhi ya kaskazini-mashariki, ikiwa na watu 206. Hakuna aliyeumia, hali ya hewa ilikuwa ya huruma. Ilichukua siku tatu mpaka meli ya utafiti wa samaki ikaivuta wakati maji yamejaa. Kijiji cha karibu, Ittoqqortoormiit, kiko zaidi ya kilomita 200 kutoka pale, na kina watu wapatao 350. Kama wale 206 wangelazimika kuhamishiwa huko, kijiji kingewalaza wapi?

MFUGAJI MSAAMI: Na nani alikiuliza kijiji?

MSAFIRI WA KUNDI: Nyote mnataka tukae nyumbani, basi semeni. Kuna wanaosema nenda haraka ukaione barafu kabla haijaisha, na mimi, kusema kweli, nilikwenda kwa maneno hayo. Kule melini wanasayansi walituambia tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne kuliko dunia kwa wastani. Nililia. Kisha nikapanda ndege kurudi, na najua ndege ile ilichoma nini. Lakini nikirudi kwangu nazungumza juu ya barafu ile kwa kila atakayenisikiliza, na siku za nyuma sikuwa na habari nayo. Hilo halina uzito?

MSAFIRI HURU: Lina uzito, mama. Sijui kama unatosha.

MWONGOZA WATALII: Mimi ningependa tuzungumze mambo yanayoweza kufanyika. Kundi liwe dogo. Ahadi za dubu na mianga zifutwe kwenye matangazo. Mwongozaji alipwe sawa akirudi nyuma na akisonga mbele, na maoni ya wageni yasiamue ajira yake. Nikipewa hayo, huyu muokoaji atalala usiku mwingi zaidi.

MSAFIRI WA KUNDI: Mimi nitalipa hata nisipoona kitu. Nimeshasema, nukta ilinitosha.

MSAFIRI HURU: Nami nitaacha mpango wa safari yangu, na nitauliza njia kabla ya kuingia kwenye ardhi ya mtu. Ila sitakubali kwamba lazima nimlipe mtu ili niruhusiwe kutembea.

MFUGAJI MSAAMI: Sijakuomba umlipe mtu. Nauliza hivi: nikisema Mei hii nzima msije bondeni kwetu, si kwa kundi wala si kwa hema, nani kati yenu atabaki nyumbani?

MSAFIRI HURU: Nitabaki, ukiniambia wewe mwenyewe.

MSAFIRI WA KUNDI: Nitabaki, baba.

MWONGOZA WATALII: Safari za Mei zimeshauzwa tangu Oktoba.

MFUGAJI MSAAMI: Basi rudi kwa aliyeziuza, umwulize alizungumza na nani kabla ya kuziuza.